Alinifungia Kwenye Msiba, Akachukua Shahada Yangu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na minne. Nauza dawa za mifugo katika duka dogo hapa Mbulu, na wateja wakiniita "Dokta" huwa nawakatiza. Wanadhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu hata kidogo! Ni hasira. Jina hilo nililisomea kwa miaka mitano, likachukuliwa na mtu niliyelala naye kitanda kimoja.

Wengine mtasema ni mambo ya zamani, nisamehe nisahau. Nitasamehe nikipenda. Leo nataka kusema.

Ilikuwa miaka ile Manyara ilipokuwa imetoka tu kumegwa kutoka Arusha. Serikali ilikuwa imeshajitoa kwenye mambo mengi ya mifugo. Majosho ya kuogeshea ng'ombe tuliyoyakuta tangu utoto yakakabidhiwa kwa vijiji na watu binafsi, mengine yakakauka na kuota majani. Mabwana mifugo wakapunguzwa. Ng'ombe akiugua, unahangaika mwenyewe.

Hapo ndipo vyuo vya binafsi vilipoanza kuchipua. Kimoja, ambacho sitakitaja, kikatangaza kozi mpya ya udaktari wa mifugo. Walisema wameunganisha masomo na kazi katika shahada moja ndefu. Miaka minne unasoma darasani, wa tano unaishi vijijini na kutibu mifugo chini ya msimamizi wako. Sisi wanafunzi mwaka huo tuliuita kukaa fildi. Hakuna cheti cha katikati, hakuna stashahada. Ukimaliza unatoka daktari kamili!

Na usipomaliza je? Hakuna aliyetuambia... na sisi watoto wa wakulima, tulivyofurahi kuitwa chuoni, nani angeuliza?

Huko ndiko nilikokutana na Faustini. Tulikuwa wawili tu kutoka Mbulu katika darasa letu, tukasogeleana kama ndugu, kisha tukapendana. Tulifunga ndoa kanisani tukiwa mwaka wa tatu. Alikuwa mcheshi, anajua kuongea, mbele za walimu hakosi neno. Mimi sikuwa na maneno. Mimi nilikuwa na maksi.

Nasema bila kujisifu, maana kila mtu darasani alijua. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba mwanafunzi mmoja atakayefanya vizuri kuliko wote fildi atabakishwa kufundisha. Nafasi ilikuwa moja tu. Wenzetu walishaanza kuniita "Mwalimu" kwa utani, na Faustini alikuwa akicheka pamoja nao. Nilidhani anacheka kwa furaha...

Mwaka wa tano tulipelekwa wilaya ya Hanang. Mimi nilipangiwa Basotu, karibu na ziwa, yeye akapangiwa Gendabi. Msimamizi wetu alikuwa Dokta Lusajo, mtu wa Mbeya, mkali lakini mwenye haki. Nilikwenda na mtoto wetu mgongoni. Alizaliwa siku ya mvua kubwa, tukamwita Tluway, yaani mvua. Alikuwa bado ananyonya.

Basotu nilifanya kazi wasomaji! Ndama walikuwa wanakufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, katika maboma ya Wabarbaig, na wenyewe walikuwa wanaapa kwamba wanaogesha ng'ombe wao kila wiki. Kila mtu aliwaona waongo. Mimi nikaenda joshoni. Ng'ombe walipotoka nikawakagua masikioni na chini ya mkia, nikatoa kupe, nikawaweka kwenye vichupa vyenye majani mabichi. Kesho yake kupe walikuwa wazima, wanatembea! Wiki iliyofuata nikarudia, na nyingine tena. Wafugaji hawakuwa waongo. Aliyekabidhiwa josho alikuwa akizidisha maji kwenye dawa.

Nilipomweleza Dokta Lusajo alikagua vichupa kimoja kimoja. Kisha akasema, "Binti, hii ndiyo kazi yako ya kumalizia chuo. Itunze." Nilimsimulia Faustini alipokuja Jumapili. Alishika kichupa kimoja, akakiangalia sana kwenye mwanga. Akasema ameoa kichwa. Nikacheka, nikamwambia umeolewa wewe, mimi ndiye mwenye kichwa.

Laiti ningejua kilichokuwa kinapita moyoni mwake!

Kisha mwanangu akaugua homa. Sisi watu wa nyanda za juu hatukuwazoea mbu wa ziwani. Nilimkimbiza zahanati, wakampa dawa, akapata nafuu siku moja. Siku ya pili akakataa kunyonya. Nilimbeba tena, lakini hatukufika... Tluway alinifia mgongoni, nikiwa bado natembea, nikimwimbia.

Sitaeleza zaidi hapo. Mama yeyote aliyefiwa na mtoto anaelewa, na ambaye hajafiwa Mungu amwepushe.

Tulimleta Mbulu tukamzika kwao Faustini. Sasa hapa niwaeleze jambo ambalo wasomaji wa mikoa mingine hawalijui. Sisi Wairaqw tulikuwa na desturi inayoitwa metimani. Mtoto anayenyonya akifa, wazazi wake wote wawili hutengwa na watu kwa kitambo kirefu. Hawaingii nyumba ya mtu, hawali chungu kimoja na mtu, hawasogelei zizi la jirani. Wazee waliamini kifo hufuata nyayo za mfiwa, kinaweza kuingia kwa wengine, kwa watoto na hata kwa ng'ombe. Familia nyingi ziliiacha kanisa lilipoingia. Kwa mama mkwe wangu haikuachwa. Alikuwa anasali rozari kila siku, na metimani anaishika vilevile.

Siku ya mazishi alinishika mkono akanipeleka kwenye kibanda pembeni mwa shamba la mahindi. Kulikuwa na kitanda cha miti, chungu changu na kikombe changu. Akaniambia kwa sauti ya upole kwamba nitakaa hapo mpaka mavuno yapite, kisha nitatakaswa. Nikamwambia, "Ayo, mimi niko chuoni, nina kazi ya watu Basotu." Ayo ndiyo mama kwa lugha yetu. Akajibu kwamba kazi hiyo ni ya kuingia kwenye mazizi ya watu, je, niko tayari kuwapelekea kifo?

Nilimgeukia Faustini. Huyu ndiye aliyekuwa akizicheka mila hizi bwenini, akiigiza wazee wetu mpaka watu wanashika mbavu! Nilitegemea atanitetea. Akaniinamia, akasema taratibu kwamba nimechoka, nikae nipumzike, nimlilie mtoto vizuri. Chuo kina utaratibu wa kuahirisha masomo, yeye atakwenda kumweleza Dokta Lusajo. Na kwa kuwa desturi ni ya wazazi wote wawili, naye atakaa metimani yake kulekule Gendabi. Atapanga chumba pembeni, atapika mwenyewe na hatagusa zizi la mtu mpaka siku yetu ya kutakaswa.

Mama yake alilia kwa furaha kuona msomi wake anaheshimu mila. Nami nikaona nimeolewa na mwanamume! Ningewezaje kukataa, wakati mwenzangu amekubali?

Basi nikakaa. Majirani waliniletea kuni, wakazitua mpakani na kunisalimia kwa mbali. Watoto walipiga shikamoo wakiwa ng'ambo ya ua. Ng'ombe walipopita kwenda malishoni nilijificha ili tusikutane njiani. Nilikwenda kisimani watu wakiwa wameshaondoka. Maziwa yalinijaa kifuani na hakuna wa kuyanyonya, yakaendelea kuja mpaka yalipochoka yenyewe.

Sisemi kila kitu cha desturi ile kilikuwa kibaya. Kuna siku nilishukuru kwamba hakuna anayenitaka nitabasamu. Kinachonichoma ni kwamba nilikuwa peke yangu, na sikujua kwamba niko peke yangu.

Siku moja nikasikia gari. Nikachungulia, nikaona gari la chuo limesimama nje ya ua, na Dokta Lusajo anashuka. Moyo ukanipasuka kwa furaha! Nilimwona akisalimiana na mama mkwe, wanaongea kwa muda. Baadaye alikuja hadi kwenye ukingo wa mahindi, akasimama, akaniita kwa jina. Akaanza kupiga hatua kuja kibandani.

Wasomaji, mke wa Dokta Lusajo alikuwa mjamzito, siku zake zilikuwa zimekaribia. Nilijua hilo. Nimesoma sayansi, najua homa inaletwa na mbu, haifuati nyayo za mtu. Lakini mtu aliyezika mwanawe juzijuzi hana sayansi! Nilimwogopea mtoto wake. Nikaona akinikaribia, nitambebesha kifo apeleke nyumbani kwake. Na mwenye metimani hapazi sauti, hata kumwambia mtu asije.

Nikampungia mkono aondoke. Nikapunga kwa nguvu, mara kadhaa, kisha nikafunga mlango.

Alisimama kidogo. Kisha nikasikia gari linaondoka.

Nilijua Faustini ameshamweleza kila kitu. Nilijua ataelewa kwamba namhurumia. Nilijua... eti nilijua!

Mavuno yakapita. Wazee wakanitakasa, nikanyolewa, nikaoga, nikavaa nguo mpya, nikala chungu kimoja na watu kwa mara ya kwanza. Faustini hakuja siku ile. Alituma salamu kwamba amebanwa, naye atatakaswa Gendabi kwa wazee wa huko. Hata hapo sikushtuka! Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo niliyoivaa nilikuwa naisifia.

Nikapanda basi kwenda chuoni kuendelea na mwaka wangu.

Dokta Lusajo aliponiona mlangoni hakunikaribisha kiti. Akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimemaliza msiba, nimekuja kurudi fildi.

"Mume wako alituambia umeamua kuacha masomo ukae nyumbani," akasema. "Sikuamini. Nikasafiri mpaka Mbulu nikusikie mwenyewe. Mkwe wako akaniambia huonani na mtu na hutaingia kwenye zizi la mtu. Nikakufuata mpaka kwenye mahindi... ukanifukuza kwa mkono!"

Nilijaribu kumweleza. Nilieleza nikilia, maneno yanagongana. Alipoelewa alikaa chini, akashika kichwa. Mkewe alijifungua salama, akaniambia, mtoto wa kike. Nilimpa hongera huku nalia.

Lakini matokeo yalikuwa yameshapitishwa. Na mwanafunzi bora wa fildi alikuwa nani? Faustini! Kwa kazi ipi? Kwa kazi ya kupe wa josho la Basotu! Siku ile tunamzika mtoto, vichupa vyangu vilikuwa kwenye kabati langu Basotu, na ufunguo nilimpa yeye anichukulie nguo. Alichukua na vichupa. Alisimama mbele ya jopo akaeleza jinsi alivyowashika kupe, jinsi walivyotembea kesho yake, na Dokta Lusajo alipouliza mbona hii ilikuwa kazi ya mkeo, akajibu kwamba tuliifanya pamoja na mimi nimemwachia. Mume na mke ni mwili mmoja, si ndiyo? Wakampigia makofi.

Nikaomba basi nimalizie fildi yangu. Ofisi ikasema kozi hii imeunganishwa, aliyekatisha ameikatisha yote, nianze upya mwaka wa kwanza. Nikaomba wanipe walau cheti cha miaka minne niliyofaulu. Wakasema cheti hicho hakipo. Miaka yote ile, na mkononi nimebaki na kitambulisho cha mwanafunzi kilichokwisha muda!

Nauliza, chuo kizima cha wasomi, mlimuuliza mume wangu kuhusu masomo yangu? Mimi nilijisajili kwa jina la mume? Mtihani nilifanyiwa na mume? Ningekuwa mwanamume aliyefiwa, mngemuuliza mke wangu?

Nilirudi Mbulu nikiwa nimewaka. Nilimweleza mama mkwe yote. Hakuniamini. Alisema mwanamke aliyefiwa huona adui kila kona, na kwamba mwanawe amekaa metimani yake kama mimi, ameapa mbele yake. Alikuwa anachambua mchele wa sherehe. Ndiyo, sherehe! Faustini alikuwa anakuja na joho lake, na ukoo mzima umealikwa.

Siku ya sherehe sikutaka kutoka ndani. Lakini niliona nikijificha tena nitakuwa nimefunga ule mlango mara ya pili. Nikavaa, nikakaa mbele kabisa. Dume lilichinjwa, kwaya ikaimba, Faustini akapita katikati ya watu na joho, akitoa mkono huku na huku. Aliponifikia akanibusu kwenye paji la uso mbele ya watu. Nilitaka kumtemea mate. Nilikuwa nimepanga kusimama niseme yote wakati wa hotuba.

Sikuwahi kusema. Mwingine alisema kabla yangu, naye hakujua anasema nini.

Alikuja mzee mmoja kutoka Gendabi, Mzee Bura, Mwiraqw aliyehamia huko siku nyingi. Ndiye aliyempangisha Faustini chumba mwaka ule wote. Alikuwa amekuja na mtamba mwekundu, mzuri, ana kengele shingoni. Akasimama katikati ya uwanja, akasalimia wazee, kisha akasema kwamba Faustini ameishi kwake kama mwana. Amekula mezani kwake kila siku na ametibu kila zizi la Gendabi. Kwa hiyo yeye na mkewe wameona wasimletee zawadi daktari, wamletee mtoto wake.

"Mtamba huyu ni wa Tluway," akasema. "Kila siku baba yake alikuwa anatuambia jinsi anavyokua huku Mbulu na mama yake. Sasa lazima atakuwa anatembea! Mleteni basi tumwone."

Kwaya ilikuwa inajiandaa kuimba. Haikuimba.

Mnaelewa, wasomaji? Ili asikae metimani, ili asikose hata siku moja ya fildi, mume wangu aliwaambia watu kwamba mwanangu yuko hai! Mimi namlilia kwenye kibanda, yeye anasimulia jinsi anavyoota meno!

Mama mkwe alinyanyuka taratibu. Akamuuliza Mzee Bura kama ni kweli kijana amekula kwake tangu masika, mtoto alipozikwa. Mzee akasema ndiyo, kwani kuna nini? Hapo mama akamwonyesha kaburi dogo chini ya miti, linaonekana kutoka pale uwanjani. Mzee Bura alitazama kaburi, akatazama mikono yake iliyokula naye chungu kimoja. Mkewe alipiga yowe, maana binti yao alikuwa ananyonyesha katika nyumba ileile aliyokula Faustini.

Faustini akaanza kuongea. Alikuwa na maneno siku zote! Akasema hizo ni imani potofu, sisi ni wasomi, dunia imebadilika. Mama yake akamwacha amalize. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kule kwenye mahindi.

"Kibanda kile pale," akasema. "Nenda ukakae. Metimani yako haijaanza bado."

Wazee walinyanyuka mmoja mmoja, wakaacha nyama kwenye sahani. Faustini alisimama na joho lake, hakuna aliyempa mkono. Hakwenda kibandani. Aliondoka mchana uleule, na ndoa yetu ikaondoka naye.

Mnafikiri aliadhibiwa? Sikilizeni. Hapa kwetu na kule Hanang hakuna mtu atakayemfungulia zizi hadi leo, hilo ni kweli. Lakini nchi ni kubwa! Yuko mkoa mwingine, anafundisha, ana cheo, na nasikia kila mwaka anawasimulia wanafunzi habari ya kupe wa Basotu. Mwongo njia yake ni fupi, husema wahenga. Mimi naona wa kwangu kapata ya lami.

Dokta Lusajo alijaribu kunipigania, akashindwa, mwishowe akaacha kazi pale. Mama mkwe aliniomba radhi kwa magoti, mtu mzima, mpaka nikaona aibu. Alifariki akiwa mikononi mwangu. Nami baadaye nilisoma kozi fupi, nikaruhusiwa kuuza dawa. Mkulima akiniletea ndama anayehema, najua anaumwa nini kabla hajamshusha, lakini sheria inasema siruhusiwi kutibu. Namwelekeza kwa daktari, kijana mdogo, na kijana huyo hunipigia simu kuniuliza ampe dawa gani!

Mtamba mwekundu Mzee Bura alikataa kurudi naye. Alisema zawadi ya mtoto hairudishwi, hata mtoto akiwa hayupo. Uzao wake upo zizini kwangu hadi sasa, na watu wa hapa wanauita ng'ombe wa Tluway.

Nawasihi wazazi na vijana mnaokimbilia hizi kozi ndefu zilizounganishwa, ulizeni kwanza: nikikwama njiani, natoka na nini? Wasipojibu, ondokeni. Na nyinyi wanawake wenzangu, mkipata msiba, ugonjwa au mimba mkiwa masomoni, msimtume mume, msimtume kaka, msimtume hata mama mzazi. Nenda mwenyewe. Kama huwezi kwenda na mtu akakufuata mpaka kwenye ua wako, toka nje ukiwa na machozi yako na nywele zako zilizotimka, umjibu kwa mdomo wako.

Mimi nilipunga mkono.